Impreza ya sedani toka GC mpaka leo: ipi inaziweza barabara zetu za Arusha na Moshi

Nianze na jibu kabisa, asiye na muda asome hapa aende zake. Kama unaishi Arusha au Moshi na unataka Subaru Impreza ya sedani, ile yenye buti lake na sio ile yenye mlango mkubwa nyuma, na unataka gari ambayo ukishika stelingi unajisikia vizuri, sio tu ya kukutoa nyumbani kukupeleka kazini, tafuta GD, yaani toleo la pili (GC na GD ni majina ya bodi), iliyotengenezwa kati ya mwisho wa 2002 na 2007. Manyuali ukiipata. Yenye turbo kama una fundi unayemwamini na hela ya mafuta ipo, isiyo na turbo ya 2.0 kama huna. Mi nimeendesha karibu matoleo yote, nyingine zangu nyingine za ndugu na marafiki, kwenye lami ya Moshi, kwenye vumbi la Monduli, kwenye mlima wa Machame na kwenye matope ya Kibosho, na kila mara narudi kwenye hiyo hiyo GD. Sasa nieleze kwa nini, sababu watu wengi huku wanachagua Impreza kwa kuangalia sura na mwaka tu, alafu baadae wanakuja kulalamika kwamba Subaru ni gari mbovu.

Impreza inabebwa na vitu vitatu. Cha kwanza injini ya boksa, pistoni zimelala mbili kulia mbili kushoto, hivo uzito wa injini unakaa chini na gari ikiingia kona kwa kasi hailali upande sana. Cha pili fowili inayofanya kazi muda wote, hamna cha kubonyeza wala cha kuvuta. Cha tatu ni bodi ndogo na nyepesi. Vikikutana vyote vitatu unapata gari ambayo kwenye barabara yenye kona, mvua na changarawe inawaacha watu wenye injini kubwa kuliko yake. Kwa hiyo usisome mwaka kwanza, soma hivo vitatu, sababu kila Subaru walipotoa toleo jipya kuna kitu waliongeza na kuna kitu walipunguza. Na uwe makini, zipo Impreza za 1.5 zinazovuta tairi za mbele tu, muuzaji anakwambia ni Subaru basi wewe unajua ni fowili, chungulia chini uone kama kuna propela shafti inayoenda nyuma.

Toleo la kwanza, GC, lilitoka mwishoni mwa 1992 na ndo lililojenga jina. Colin McRae alichukua ubingwa wa dunia wa rali 1995 akiwa na Impreza, Subaru wakachukua ubingwa wa watengenezaji miaka mitatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997, na kwa sisi watu wa kaskazini kilichoingia moyoni zaidi ni Safari Rally hapo jirani Kenya, McRae akashinda 1997 na Richard Burns akashinda 2000, wote na Impreza, kwenye vumbi na mawe yale yale tunayoyajua sisi ukivuka tu Namanga. Ndo maana mpaka leo mtu wa Arusha akiona Impreza ya bluu yenye rimu za dhahabu anageuza shingo.

Kuendesha GC ni raha ambayo matoleo yote yaliyofuata hayajaifikia kwenye kitu kimoja, wepesi. WRX yake, ile ya spoti yenye turbo, ilikua na kilo 1,250 hivi na hosipawa 240 toka siku ya kwanza, STI, ndo WRX kali zaidi, zikaja kufika 280. Nguzo za vioo ni nyembamba, unaona kila kona, bodi fupi, ukigeuza stelingi pua inafuata hapo hapo. Lakini niseme ukweli, kwa matumizi ya kila siku leo siishauri. Gari ina miaka zaidi ya ishirini na tano, nyaya zimekatwa na kuungwa na mafundi watano tofauti, kutu imeshaanza kwenye matao ya tairi za nyuma, na gia boksi ya gia tano kwenye zile za turbo haipendi kabisa mtu wa kuachia klachi kwa hasira. Nyingi nzuri zilizobaki huku zimeshageuzwa za mashindano, viti vimetolewa, vyuma vimechomelewa ndani. Ukipata GC ambayo haijaguswa, nunua kwa mapenzi na uwe na gari nyingine ya kwendea kazini.

Sasa GD. Ilitoka 2000 na imekua na sura tatu. Ya kwanza ni ile yenye taa za duara, watu hawakuipenda na Subaru walisikia, kabla ya 2002 kuisha walishabadilisha. Ya pili ina taa zilizokaa kama za gari ya kawaida, na hii ndo aliyochukulia ubingwa Petter Solberg 2003, Burns alishachukua 2001 na ile ya taa za duara. Ya tatu ilianza 2005, taa zimechongoka na grili imegawanyika kama mabawa. Kwa macho yangu ya tatu ndo nzuri kuliko zote, ila kwa kuendesha tofauti kati ya ya pili na ya tatu ni ndogo, kwa hiyo usilipe pesa nyingi sababu ya taa.

Mahali pa kuielewa GD ni kuitoa Moshi mjini asubuhi, ukafika njia panda ya Machame ukakata kulia kupanda. Ile barabara ni lami lakini inajikunja kunja kati ya migomba na kahawa, kuna sehemu lami ina majani mabichi yamedondoka kwenye pikapu zinazobeba chakula cha ng'ombe, kuna sehemu maji ya mfereji yanakatiza barabara. WRX ya manyuali, ile ya hosipawa 250, ukiwa gia ya pili chini ya mzunguko elfu tatu inakaa kimya, unaweza kudhani haina kitu, alafu sindano ikipita hapo turbo inajaa na gari inakusukuma mgongoni mpaka ile kona unayoiona mbele inafika mapema kuliko ulivyopanga. Unakanyaga breki kidogo, unageuza, pua inataka kutanuka nje kidogo, unarudisha mguu kwenye mafuta wakati stelingi bado imekunjwa na unasikia kabisa tairi za nyuma zinachukua kazi, gari inajinyoosha yenyewe inatoka. Haitelezi, haipigi kelele. Gari nyingine za bei hiyo pale pale kwenye majani mabichi mbele ingeshateleza.

Na ule mlio. Watu wanadhani ni sailensa ya kununua, hapana, mlio unatokana na mabomba ya kutolea moshi kutoka kwenye hedi mbili kuwa na urefu usiolingana, mapigo ya moshi yanafika kwa kupishana, ndo unapata ile ngurumo ya kukatika katika. WRX ya GD inayo. STI za Japan za toleo hilo kuanzia ile sura ya pili walibadilisha wakaweka turbo ya njia mbili na mabomba yenye urefu sawa, nguvu inakuja mapema zaidi lakini ngurumo imepotea, kwa hiyo ukiiwasha STI ya 2004 ukaisikia imenyooka kama gari nyingine usidhani imeharibika, ndivyo ilivyo.

Kitu ambacho wauzaji wa Dar hawakijui vizuri ni mambo ya mwinuko. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, Moshi iko chini kidogo, mita mia nane na kitu. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita elfu moja unazopanda, sababu hewa inakua nyepesi. Impreza ya 1.5 ya zamani ina hosipawa 100, ukiileta Sakina inabaki na themanini na kitu, weka watu wanne na mizigo ya harusi alafu panda ule ukuta wa bonde la ufa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, oto yake ya gia nne inahangaika kati ya gia ya pili na ya tatu njia nzima, inapiga kelele na haiendi. Ile ya 2.0 yenye hosipawa 125 inafika bila shida ingawa haikimbii, na ipo 2.0 nyingine yenye hedi za kamshafti mbili mbili, hiyo inapita 150, ni adimu lakini ukiiona manyuali ichukue haraka. Turbo yenyewe inajisukumia hewa, huku kwetu haijisikii kuchoka kama hizo nyingine, na ndo sababu moja kubwa kwa nini WRX huku juu inaonekana ina maana kuliko inavyoonekana Dar.

Ila turbo ina masharti na sitayapunguza. Injini hizi za Japan zilitegenezwa kunywa petroli ya daraja la juu ya kwao, ile wanayoiita hai-okteni, sisi sheli tunajaza tunachokikuta. Kwa hiyo usiruhusu mtu yeyote akuongezee presha ya turbo kwa kukaza kifaa cha elfu hamsini, injini itaanza kugonga kwa ndani bila wewe kusikia sababu umefungua muziki, na pistoni ndo inaondoka hivo. Gari ikiwa imetoka Japan haijaguswa, iache haijaguswa. Mafuta yake mjini Arusha kwenye foleni ya Sanawari na Kijenge ni kilometa saba mpaka nane kwa lita, njia ndefu ukitulia inafika kumi na zaidi, na kama hesabu hiyo inakukaba nunua isiyo na turbo uwe na amani.

Oili ndo kitu cha kwanza kuua EJ20, yaani hizi injini za 2.0, za huku, kuliko hata spidi. Kile kijiti cha kupimia kwenye EJ kinadanganya, oili inapaka juu wakati wa kukichomoa, upande mmoja unaonyesha imejaa mwingine unaonyesha iko chini. Pima asubuhi injini ikiwa baridi na gari iko sehemu tambarare, kichomoe, kifute, kirudishe, alafu amini upande unaoonyesha chini. Nilikaa siku moja kwa fundi pale Unga Limited anabadilisha plagi za WRX, ni kazi ya kuangalia, sababu plagi ziko pembeni zinatazamana na chasi, lazima utoe betri na boksi la hewa, alafu mkono unaingia kwa chini na ratchet fupi yenye vipande viwili vya kuongezea, unakaza kwa kubahatisha bila kuona. Akanionyesha plagi ya sailinda ya nne imelowa oili kwenye uzi wake wakati tatu zilizobaki ni kavu, akaniambia, "Kaka, hii bado sio injini, ni raba za kwenye kava ya hedi zimekauka, mwambie mwenyewe alete seti nzima mi nimfungie." Fundi wa namna hiyo ndo unayemtaka, sababu mwingine angekwambia tu shusha injini.

Taimingi belti nayo ni kilometa 100,000 au hujui historia, maana yake badilisha siku unayoinunua, pamoja na roli zake na wota pampu. Kwenye hizi injini ikikatika valvu zinakutana na pistoni, na hapo gharama inaanza kufanana na bei ya injini ya mtumba.

Nataka nikae kidogo kwenye fowili maana hapa ndo watu wa mikoa yetu wanaumizana. Impreza ya manyuali ina difu ya katikati yenye kifaa cha majimaji mazito, inagawa nusu kwa nusu mbele na nyuma. Ile ya oto ya gia nne isiyo na turbo ina klachi za sahani, inapeleka nguvu nyingi mbele na nyuma inapeleka kadiri inavyohitajika. STI nyingi zina difu ya katikati ya kuchagua mwenyewe kwa swichi. Zote tatu zinakataa kitu kimoja, tairi zisizolingana. Mtu kapasua tairi moja njia ya Namanga, ananunua moja ya mtumba ya saizi ile ile lakini jipya kuliko zile tatu, anafunga anaondoka. Tairi jipya ni kubwa kidogo kwa mzunguko, kwa hiyo difu ya katikati inafanya kazi muda wote hata kwenye lami iliyonyooka, inapata moto, na baada ya muda ukikata kona kali kwenye parking gari inakua kama inashikwa na breki, inarukaruka. Hapo difu imeshaenda. Nunua tairi nne kwa pamoja, au mbili mbili zenye hali inayokaribiana sana na hizo nyingine. Na gari ikiharibika usikubali ivutwe kwa kunyanyua tairi za mbele zile za nyuma zikiburuza barabarani, tafuta gari la kubeba yote juu. Zile oto za zamani zina sehemu ya kuchomeka fyuzi karibu na injini, ukiiweka fowili inazima, fundi anaitumia kupimia kama tatizo liko hapo.

Kasoro nyingine ya GD, na ya GC pia, ni milango isiyo na fremu ya kioo. Inapendeza sana ukifungua, lakini raba zake zikizeeka vumbi linaingia lote. Nenda barabara ya vumbi huko Monduli na raba zimekauka, ukifika dashibodi imekua ya rangi nyingine. Raba zinapatikana lakini zile za kuchongwa hazikai vizuri, tafuta za kutoka kwenye gari nyingine.

Toleo la tatu ndo lililonikatisha tamaa kama mpenzi wa gari hii. Walianza na ile ya mlango nyuma 2007, sedani yake ikaja mwisho wa 2008 kwa jina la Anesis kule Japan. Waliirefusha, kutoka tairi la mbele mpaka la nyuma ilikua milimita 2,525 kwenye GD ikafika 2,620, sasponsheni ya nyuma wakaweka mpya, milango ikapata fremu, na kama gari ya mama wa nyumbani ni bora kuliko GD kabisa, imetulia, matuta ya Usa River na Tengeru inayameza bila kelele, watoto nyuma wana nafasi. Lakini ile 1.5 ya hosipawa 110 ndo nyingi huku, stelingi imekufa ganzi, na ukiipeleka ile barabara ya Machame inakwenda tu, haikwambii chochote. Sura nayo, kwa kweli, sijawahi kumsikia mtu akiisifia.

Toleo hilo hilo lina STI ya sedani iliyotoka 2010, hosipawa 308, bodi imetanuka, hiyo ni gari nyingine kabisa, na mwenye uwezo wa kuitunza atafurahi. Kuna na STI ya oto inayoitwa A-Line, ina injini ya 2.5. Hapa niwaonye wakuu, injini ya 2.5 ya turbo kwanza inavuka cc 2000 kwa hiyo ushuru unapanda, pili pistoni zake zinajulikana dunia nzima kwa kupasuka pale kwenye mifereji ya ringi, hasa na petroli ya daraja la chini. Ukitaka oto ya raha, soma mbele kidogo.

G4, toleo la nne, lilitoka mwisho wa 2011 na sasa hivi ndo unaliona kila mahali Njiro na Shanty Town. Injini ni FB mpya yenye taimingi cheni badala ya belti, 1.6 ya hosipawa 115 au 2.0 ya 150, na gia kwa nyingi ni CVT, yaani oto isiyo na hatua za gia. Dada yangu anayo ya 2.0 na kwa safari ya Arusha Moshi kila wiki siwezi kumshauri aiache, kilometa themanini zile, spidi hamsini kila kijiji na wazee wa tochi, G4 inafanya hayo yote bila kuchosha na inakula mafuta kidogo kuliko GD yoyote. Ila tuelewane, sio gari ya spoti tena. CVT ukikanyaga inapandisha mlio kwanza gari inafuata baadae, na kwenye mlima mrefu inachosha masikio. Ina milimita 145 tu kutoka chini, na walewale wanaoinua kwa kuweka spensa za bei rahisi wanaharibu pembe za ekseli, kama barabara yako ya kwenda nyumbani ni mbaya chukua XV ambayo ni ndugu yake mwenye milimita 200. Mambo mawili ya kuangalia, kwanza injini za FB za mwanzo zilikua na tatizo la kula oili mpaka Marekani ikawa kesi mahakamani na kampuni ikakubali kurekebisha za wateja, kwa hiyo za 2012 na 2013 pima oili kila ukijaza mafuta. Pili CVT, hukohuko Marekani waliongeza muda wa waranti ya hiyo gia boksi, ujue walikua na sababu, na fundi akikwambia oili ya CVT haibadilishwi maisha yote muage taratibu, badilisha, na iwe ile ya kwake yenyewe sio ya oto ya kawaida.

2014 Subaru waliitoa WRX kwenye jina la Impreza ikawa gari inayojitegemea, bodi wanaita VA. Kwa Japan kulikua na mbili. S4, injini mpya ya FA20 yenye hosipawa 300, na gia CVT tu. Na STI, ambayo waliiachia injini ile ile ya zamani EJ20, hosipawa 308, manyuali ya gia sita, mpaka 2019 walipoiaga kwa gari 555 za mwisho zilizouzwa kwa bahati nasibu. Nimeendesha S4 kutoka Arusha mpaka Moshi na kurudi kwa njia ya mchepuo, na ndo oto ya Subaru ya kwanza ambayo nimeipenda kwa moyo wote, CVT yake imewekwa hatua kama gia za kweli ukiwa kwenye hali ya spoti, nguvu inaanza chini kabisa huhitaji kusubiri elfu tatu, na kwenye kona za kushuka kuelekea Kikatiti imekaa barabarani kama imepigwa misumari. Kama una hela na unataka gari moja ya kwenda ofisini na ya kufurahia, hii ndo. Kwa nini basi sijaiweka juu ya GD? Sababu ni nzito, kilo zaidi ya 1,500, iko chini, tairi zake ni nyembamba ukutani na kila shimo unalisikia mfukoni, na spea zake huku bado unaagiza, unakaa wiki gari imepaki. GD kila kitu kipo, kama sio Arusha ni Dar na kesho asubuhi basi limekuletea.

Za baada ya hapo nitapita haraka. Toleo la tano la 2016 lilikuja na bodi mpya kabisa, lilishinda Gari Bora la Mwaka kule Japan, na G4 yake imetulia kuliko zote ila iko chini zaidi. La sita halina sedani, kwa hiyo Impreza ya buti imeisha, sasa ukitaka sedani ni WRX tu, ile ya 2021 yenye injini ya 2.4 na mapambo ya plastiki nyeusi kwenye matao ya tairi.

Sasa mtu anaenda kuangalia GD, nimwambie ninavyofanya mimi. Mwambie muuzaji usiiwashe mpaka nifike, na ufike asubuhi mapema, Julai ndo mwezi mzuri sababu Arusha kunakua na baridi ya kweli. Weka mkono juu ya injini, kama ina moto alishaiwasha, rudi kesho. Ikiwashwa ikiwa baridi utasikia mlio mkavu wa pistoni, tak tak tak, kama unapotea baada ya dakika mbili tatu injini ikipata joto, EJ nyingi ziko hivo, punguza bei endelea. Kama unabaki hata ikipata moto, au unakua mzito ukikanyaga mafuta, hiyo ni beringi ya krenki, ondoka. Fungua rejeta ikiwa baridi uangalie kama kuna mafuta yanaelea, kisha iache iunguruma robo saa na uangalie kopo la maji kama linatoa mapovu mfululizo. Endesha, kunja stelingi mpaka mwisho uzunguke taratibu kwenye parking kulia na kushoto usikilize ile kuruka ruka niliyosema. Angalia tairi zote nne ni kampuni moja na saizi moja. Na kama anakwambia ni STI, hesabu gia, ni sita, angalia breki za mbele ni Brembo, na pima rimu, STI za kuanzia toleo la mwaka 2005 nati zake tano zimekaa kwenye duara la milimita 114.3 wakati WRX ya kawaida na STI za kabla ya hapo ni milimita 100, kwa hiyo beji ya pinki nyuma mtu anabandika kwa elfu kumi lakini haya matatu ni kazi kubwa kuyafanya kwa pamoja.